Tamthilia Iliyofungia Mbavu za Mbuzi

Mmeniaga kwa keki ya kustaafu, mkanifunga lesso mpya juu ya buibui, kisha mkanitega: "Bi Mwana, tuandikie mambo ya zamani ya ukumbi, tujifunze." Haya basi. Macho yanataka miwani, miwani inataka kufutwa, na mjukuu wangu amefungua redio mpaka kuta zinatetemeka, lakini nitaandika. Cheo sitakieleza. Nilipandishwa mara moja tu katika maisha yangu, na cheo kipya kilikuwa kazi ile ile pamoja na funguo za choo. Mshahara nao tuuache, usije ukanitia hasira bure na hii chai ikapoa.

Mimi ni mzaliwa wa Majengo, hapa Nairobi, na ukumbi wetu wa mtaa ulikuwa mwendo mfupi kutoka kwa mama yangu. Siku ya kwanza kazini nilikwenda na viatu vya kisigino, maana nilisikia nimeajiriwa "upande wa sanaa." Mtunza ukumbi wa wakati huo, Mzee Karanja, alinitazama miguuni kwa muda mrefu. Akasema, "Hivyo viatu vinakwenda harusini. Wewe umekuja kazini." Akanipa ufagio. Nikafagia ukumbi mzima peku, huku nikimlaani kimoyomoyo, na jioni akanipa andazi.

Yeye ndiye aliyenifundisha kila kitu ninachokijua. Pazia letu lilikuwa zito, la kitambaa chekundu kilichokwisha kuwa rangi ya maharagwe, na kamba yake ilikuwa ikichubua mikono. Mzee Karanja alinionyesha kwamba pazia halivutwi kwa mikono, linavutwa kwa makalio: unashika upande wa kamba wa kupandisha au wa kushusha, unakaa chini, pazia linakwenda lenyewe. Nyinyi sasa mnabonyeza kitufe, na bado linakwama. Sisemi kitu.

Akanifundisha pia kazi ya kunong'oneza. Unakaa kwenye kigoda nyuma ya pazia la pembeni, tochi mkononi, nakala ya mchezo mapajani, na mtu akisahau maneno yake unamkumbusha bila watazamaji kusikia. "Usimpe sentensi nzima," Mzee Karanja aliniambia. "Utamchanganya. Mpe neno la kwanza tu, halafu nyamaza. Mengine yako tumboni mwake." Nimenong'oneza miaka yote hiyo, na nimeona wachungaji, mafundi seremala na hata diwani mmoja wakisimama kwenye mwanga, midomo wazi, wakinitazama mimi kwa macho ya mtoto aliyepotea sokoni. Neno la kwanza liliwatosha wote isipokuwa diwani.

Sasa nije kwenye kisa mnachokitaka, maana najua hiyo keki haikuwa ya bure. Mnataka Mama Amerika.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati bei ya unga ilipanda kila tukigeuka na kila mtu mtaani alikuwa na kazi mbili au hana hata moja. Kundi letu la maigizo liliongozwa na Mwalimu Wasonga, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mrefu, mkali, aliyevaa koti hata Januari. Mwigizaji wetu mkuu wa kiume alikuwa Odhiambo, mkataji nyama pale Soko la Burma. Huko Burma nyama ilifungwa kwa karatasi yoyote iliyopatikana: magazeti, mitihani ya watoto, hati za mahakama. Siku moja Odhiambo ameletewa fungu la karatasi kuukuu, anachana kurasa anafungia wateja mbavu, ndipo jicho lake likaangukia mstari: mume na mke wanagombana kwenye karatasi. Akasimama kusoma, kisu mkononi. Mteja akamkaripia. Odhiambo akamwambia, "Ngoja kwanza, mama, hawa watu wataachana."

Alituletea kilichobaki. Kilikuwa kitabu cha Kiingereza, tamthilia, jalada hakina, jina la mwandishi halimo. Utangulizi ulisalia nusu. Tukasoma kwamba aliyeandika alikuwa mwanamke wa Amerika, mwanzoni mwa karne ile, aliyeandika michezo kuhusu ndoa na si kitu kingine, na kwamba magazeti ya kwao yalimtukana sana kwa sababu wake walitoka ukumbini wakiwatazama waume zao vibaya. Hapo nikampenda. Jina lake hatukulijua hata siku moja, kwa hiyo tukamwita Mama Amerika.

Mwalimu Wasonga aliitafsiri kwa wino mwekundu kwenye karatasi za kusahihishia. Mchezo wenyewe ulikuwa mwepesi kueleweka. Sehemu ya kwanza, binti wa watu anaozwa kwa mfanyabiashara wa nguo. Mambo yote wanayamaliza wanaume sebuleni, yeye yuko jikoni anachemsha chai. Sehemu ya pili, mwaka umepita, nyumba inawaka moto kwa ugomvi, na baba wa binti anaalikwa chakula ili asuluhishe. Mume anasema: mke wangu atakaa hapa. Baba anasema: binti yangu nitamrudisha nyumbani. Binti anasimama katikati yao, anafungua mdomo kusema. Na hapo, jamani, kitabu kinakwisha! Sehemu ya tatu nzima ilikuwa imeondoka Burma na mbavu za mbuzi.

"Tutafanyaje?" nikamuuliza Mwalimu Wasonga.

"Tutawauliza watu," akasema.

Ndivyo ulivyoanza utaratibu wetu. Binti akishafungua mdomo, Mwalimu Wasonga, ambaye ndiye aliyeigiza baba, anatoka mbele ya jukwaa na kuuliza ukumbi: huyu mke abaki kwa mumewe, au aende na baba yake? Watu wanabishana, wanapiga kura kwa makelele, na sisi tunaigiza walichoamua. Sheria ilikuwa moja: kilichoamuliwa na ukumbi ndicho, mwigizaji hana rufani. Wiki moja watu wa mtaa wa Jericho waliamuru abaki lakini mume apike mwezi mzima, na Odhiambo, ambaye ndiye aliyeigiza mume, akasonga ugali jukwaani mpaka jasho likadondokea sufuriani. Wiki nyingine waliokuja kutoka Mathare waliamua mume ndiye arudishwe kwa mama yake. Watu walianza kujaa kuanzia saa sita mchana, na mabenchi yalikwisha, wakakaa kwenye madirisha.

Kibali nacho kilikuwa kisa chake. Siku hizo hukuweza kuigiza bila karatasi ya serikali, na afisa mmoja aliisoma tafsiri yetu yote akitafuta siasa. Aliweka kidole kwenye neno "baba" akaniuliza, "Huyu baba asiyetaka kumwachilia binti ni nani hasa?" Nikamwambia, "Ni baba, bwana mkubwa. Ana binti." Akanitazama. Nikamtazama. Akagonga muhuri, na sijawahi kukunja karatasi haraka namna ile.

Binti wa mchezo, ambaye Mwalimu Wasonga alimbatiza Rehema, aliigizwa na msichana aitwaye Nekesa. Alifanya kazi kiwanda cha biskuti kule Industrial Area, akiishi na baba yake kwenye nyumba za reli. Mdogo wa umbo, sauti yake sasa! Akisema neno taratibu, mtu wa dirishani alilisikia. Harufu ya vanila ilimfuata kila mahali, na wenzake walimtania kwamba ukimkumbatia utataka chai.

Baba yake, Mzee Wafula, alikuwa fundi wa reli na mzee wa kanisa. Hakujua lolote kuhusu mchezo. Nekesa alikuwa amemwambia kwamba kila Jumamosi anakwenda mazoezi ya kwaya, na nikikaa kwenye kigoda changu nilikuwa nikimwambia, "Mwanangu, siku moja atakuomba umwimbie." Anacheka.

Kisha siku moja akaja mazoezini macho yamevimba. Nikampeleka chumba cha nyuma, nikamkalisha juu ya sanduku la mavazi. Akaniambia kwamba baba yake alikwenda nyumbani, upande wa Bungoma, kwenye matanga ya jamaa, na huko akatoa neno. Kulikuwa na mwalimu mkuu mmoja, amefiwa na mkewe, mtu mwenye nyumba ya mabati na ng'ombe wa maziwa. Wazee walikaa, wakaongea, Mzee Wafula akakubali mbele yao wote. Jumamosi ya pili kuanzia hapo wageni watakuja Nairobi, na wakiondoka wataondoka na Nekesa.

"Umemwambia hutaki?"

"Bi Mwana, kwetu mtu akishatoa neno mbele ya wazee, akilirudisha hawezi tena kukanyaga nyumbani. Hata akifa watamzika wakinong'ona. Nitamwambiaje?"

Nilimpa leso na nikamwambia anawe uso, maana mazoezi yalikuwa yanaanza. Nilikasirika siku nzima, nikamgombeza hata Odhiambo kwa kosa la kupiga mluzi.

Jumamosi iliyofuata ukumbi ulijaa mpaka mlangoni. Hatukujua kwamba mama mmoja wa kanisani alikuwa amemwona Nekesa jukwaani na akampelekea baba yake habari moto moto. Sehemu ya pili ilikuwa imefika pale mume na mke wako mezani wakimngoja baba. Mezani palikuwa na kuku wa kweli, kwa sababu Odhiambo alikataa katakata kuigiza na kuku wa karatasi: "Mimi ni mtu wa nyama, Bi Mwana, nina heshima yangu." Nikasikia viatu vizito. Nikageuka kumwambia Mwalimu Wasonga aingie, nikamkuta bado amesimama kando yangu na koti lake, kajawa na hofu.

"Bi Mwana," akaninong'oneza, "kuna baba wawili."

Mzee Wafula alikuwa amepanda ngazi za mbele, na ovaroli ya reli mwilini, kofia mkononi. Ukumbi ukapiga makofi, maana baba wa mchezo huingia hapo hapo. Nekesa akawa wa kuganda. Odhiambo akasimama na kuku wake. Na Mzee Wafula, aliyekuja na hasira zake zote kutoka nyumba za reli, mwanga ule ukamwingia usoni, akawaona watu wale wote wanamtazama, akafungua mdomo, na hakikutoka kitu.

Jamani, mimi ni mnong'onezi. Nikiona mtu amesimama kwenye mwanga na mdomo wazi, mdomo wangu hausubiri ruhusa. Nikanong'ona, "Binti yangu..."

Akasikia. Akasema kwa sauti, "Binti yangu!" Na kweli, mengine yalikuwa tumboni mwake. "Binti yangu, mimi nilikulea peke yangu tangu mama yako alale. Mimi nikakupeleka shule. Leo naambiwa na watu wa kanisa kwamba wewe ni bibi ya mtu hapa mbele ya dunia nzima! Nekesa, shuka. Wageni wanakuja Jumamosi. Shuka twende nyumbani."

"Mbona anamwita Nekesa?" sauti ikauliza dirishani.

"Si ndilo la nyumbani," mwingine akamjibu. "Rehema ni la kanisani." Ukumbi ukatosheka.

Odhiambo, Mungu amjalie, akavuta kiti. "Baba, karibu chakula." Akamwekea firigisi kwenye sahani, kama anavyowekewa mkubwa wa nyumba kwao. Mzee akaisukuma kando. Vijana wa nyuma wakampigia mzee kelele kwa Sheng yao, asilete matata: "Kula, buda! Usituletee noma!" Nikamtazama Mwalimu Wasonga ili atoke akaulize swali letu la kila Jumamosi. Alikuwa amekaa juu ya ndoo, kichwa mikononi.

Watu walikuwa wamezoea utaratibu, hawakumngoja. Akasimama mama mmoja aliyeuza omena, wale dagaa wa ziwani, karibu na lango la soko, mama mnene, sauti ya kupigia mnada. Kila wiki alikuwa mstari wa mbele. "Mzee," akasema, "tumekusikia. Sisi hapa kila Jumamosi tunaamua abaki ama aende. Leo mimi nauliza kitu kingine. Huyu mtoto umemuuliza yeye?"

Sijui kwa nini hatukuwahi kuuliza hilo, miezi yote ile. Nikaona haya pale kwenye kigoda changu.

"Kwetu baba haulizi," akasema Mzee Wafula.

"Basi uliza hapa. Hapa si kwenu."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Alimgeukia Nekesa polepole. "Haya," akasema. "Unataka nini?"

Nekesa akafungua aproni ya mchezo, akaiweka juu ya kiti. "Baba, mwalimu mkuu simjui. Nimemwona mara moja, kwenye matanga mengine, akila."

"Na huyu?" Kidole kikamwelekea Odhiambo.

"Huyu? Huyu ni wa hapa juu tu, Baba. Tukishuka hata salamu hunipa akikimbia, na ananuka mbuzi." Ukumbi ukalipuka, Odhiambo akajinusa mkono. Nekesa akangoja watulie. "Nataka kazi yangu ya kiwandani, na siku zangu ziwe zangu mwenyewe. Na siku nikimpata mtu, nataka nije nikuambie mimi mwenyewe, nikikutazama hivi. Ni hayo tu."

Mzee Wafula akavaa kofia, akashuka ngazi, akapita katikati ya watu na kutoka nje, na hakuna aliyethubutu kupiga makofi mpaka mlango ukafungwa. Nikakaa chini na kamba, pazia likashuka. Nekesa alilia nyuma mpaka poda ikawa uji. "Nimemvua nguo baba yangu mbele ya watu," alikuwa akisema. "Na bado Jumamosi watakuja."

Katikati ya wiki nilikuwa napiga deki ukumbini peke yangu, nikamwona amesimama mlangoni. Mzee Wafula. Nikashika ufagio vizuri, kwa tahadhari tu.

"Hodi, mama."

"Karibu, Mzee. Kuna maji chini, utateleza."

Akaingia akivuka madimbwi. Akauliza, "Huyu mzungu aliyeandika hayo maneno, ni nani?"

Nikamletea kitabu. Akakigeuza, akakinusa, kilikuwa bado na harufu ya mafuta. Nikamweleza habari za Mama Amerika kadiri nilivyozijua: kwamba aliandika juu ya ndoa tu, na kwamba alitukanwa kwao.

"Yeye mwenyewe aliolewa?"

"Ukurasa huo ulifungia maini, Mzee."

Akacheka kidogo kwa pua. Akakaa kwenye benchi la mbele, kofia juu ya goti. Nikaendelea kupiga deki, maana mwanamume akitaka kusema neno zito usimtazame.

"Na yule baba wa kwenye mchezo," akasema mwishowe. "Mwishoni anafanya nini?"

"Hatujui. Mwisho haupo. Kila Jumamosi watu ndio huamua."

"Watu gani?"

"Hawa wa ukumbini. Wauza omena, mafundi, yeyote aliyeingia."

"Na wakishaamua, baba anaweza kukataa?"

"Hawezi. Ndiyo sheria ya ukumbi. Hata Mwalimu Wasonga akikataa wanamzomea."

Mzee akatazama jukwaa, mbao zake, zile ngazi alizozipanda kwa hasira. Aliposimama aliuliza jambo moja tu: "Jumamosi mnaanza saa ngapi?"

Sikumwambia Nekesa. Wallahi sikujua nimwambie nini. Wiki ile niliisali yote, na Mungu anajua nilisali kwa ukali.

Jumamosi ilipofika, Mzee Wafula alikuja amevaa suti ya kanisani, tai imenyongwa barabara, na nyuma yake wageni: mwalimu mkuu, mtu mpole mwenye mvi chache na kofia ya kahawia; kaka yake; na shangazi yao, mwanamke aliyebeba mkoba kwa mikono miwili asije mtu wa Nairobi akaunyakua. Nilimsikia Mzee Wafula akiwaambia, "Kaeni hapa mbele, wageni wangu. Binti ana kazi kidogo hapa. Akimaliza tutaongea." Akawaagizia soda. Kisha akaja nyuma ya pazia, akamtazama Mwalimu Wasonga kutoka juu mpaka chini.

"Mwalimu, vua koti. Leo baba ni mimi."

Mwalimu Wasonga akavua. Sijamwona tena mtu huyo akitii amri ya mtu. Nikampaka Mzee Wafula poda kidogo usoni, akafumba macho kama mtoto anayenyolewa. Nekesa alikuwa upande wa pili wa jukwaa, amewaona wageni, uso umempauka. Hakujua baba yake amekuja kufanya nini, nami sikujua, nikakaa kwenye kigoda na nakala ambayo niliona haitanifaa kitu.

Sehemu ya kwanza ikapita. Ya pili ikafika mezani. Mzee Wafula akaingia. Nikanong'ona, "Binti yangu..." Akanipungia mkono nyuma ya mgongo: nyamaza.

"Nimekuja kumchukua huyu msichana," akaanza, na sauti ilikuwa ile ya mzee wa kanisa siku ya mazishi, ya kujaza nyumba. "Nimetoa neno langu mbele ya wazee. Wageni wa heshima wananingoja. Mimi si mtu wa kusema leo hivi, kesho vile. Rehema, chukua mfuko wako."

Hadithi yote ya wiki iliyopita ilikuwa imezunguka mtaani, kutoka Kaloleni mpaka Mathare, na watu walikuja tayari. "Haendi!" wakapiga kelele.

"Ataenda!"

"Haendi!"

"Mimi ni baba yake! Neno langu mtaliweka wapi?"

"Buda, manzi amesema hataki!" vijana wakajibu. "Achana na yeye!"

Aliwabishia, nawaambia. Aligonga meza, akamwaga mchuzi, akawaambia hawana adabu, akauliza ni nani aliyewazaa. Mama wa omena alisimama akamjibu neno kwa neno mpaka kilemba kikamwanguka. Kila Mzee alivyozidi kudai, ndivyo ukumbi ulivyozidi kukataa, mpaka mabati yakawa yanalia. Na hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa akikifanya. Nikaziba mdomo wangu kwa nakala.

Kisha akanyamaza. Akatoa leso, akajifuta shingo, akasogea ukingoni mwa jukwaa pale juu ya wageni wake.

"Mwalimu," akamwambia mwalimu mkuu, na hii haikuwa sauti ya mchezo, "neno langu liko pale pale. Umeniona kwa macho yako nimekuja kumchukua. Lakini hapa mwisho unaamuliwa na watu, na watu wenyewe unawasikia."

Shangazi akaruka na mkoba wake. "Huu ni upuuzi! Tumetoka mbali!"

"Mama, keti," muuza omena akamwambia. "Wote tumetoka mbali."

Mwalimu mkuu alisimama taratibu, akavua kofia. Alimtazama Nekesa, na nadhani ndiyo mara ya kwanza alimtazama kweli. Akasema, "Mzee, nimesikia. Mimi natafuta mke, sitafuti kesi." Ukumbi ukampigia makofi kuliko sisi wote. Nilimhurumia, maskini, alikuwa mtu mzuri, alielekezwa tu nyumba isiyokuwa yake. Tuliwakaribisha chumba cha nyuma kwa kuku, na shangazi ndiye aliyekula mapaja yote mawili.

Nilipokaa chini na kamba pazia lishuke, Mzee Wafula alikuwa bado jukwaani, amekaa kwenye kiti cha baba, jasho limechora mistari kwenye poda.

"Mama," akaniambia, "wewe ulikuwa karibu. Umenisikia nikivunja neno langu?"

"Sikusikia, Mzee."

"Kuna mtu atakayesema nimelivunja?"

"Aje aniulize mimi."

Nekesa alikuja na maji kwenye kikombe. Alipiga goti alivyofundishwa nyumbani, akampa kwa mikono miwili, midomo inacheza, neno hata moja halitoki, na mimi kwa mara ya kwanza katika kazi yangu sikumsaidia mtu. Baba yake alikunywa maji yote. Akamrudishia kikombe, akainuka, akanyoosha tai.

"Jumatatu usichelewe kazini," akamwambia.